Shule Niliyoiandika Kuwa Kimbilio

Wiki iliyopita mlikuja kwangu hapa Magomeni, nyinyi vijana wa kamati mpya ya maafa, mmevaa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani. Shikamoo zenu nilizipokea, na chai yangu mliimaliza. Kisha yule binti mwenye kompyuta akaniuliza: "Bibi, unaweza kutupa mambo makuu matano uliyojifunza katika kazi ya maafa?"

Nikasema nitafikiria, kwa sababu mgeni hachekwi nyumbani kwako. Mambo matano! Mlitaka yakae vizuri kwenye ukurasa mmoja, mkayasome kwenye semina, mtu mwingine apige makofi, mle wali mrudi makwenu.

Sina matano. Ninalo moja, ni refu, na halinipambi. Nimelikalia miaka mingi. Kama mnalitaka, lisomeni lote, wala msiniletee barua ya shukrani yenye mhuri.

Kazi ya maafa sikuiomba. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii, mtoto wa Wakaguru wa milimani, nimesomeshwa na misheni, najua kuimba sauti ya pili na kuandika mwandiko wa kupendeza. Kwa ajili ya mwandiko huo nikafanywa katibu wa kamati ya maafa ya wilaya ya Kilosa. Msidhani zamani tulichaguliwa kwa akili. Mwenyekiti aliangalia muhtasari wa kikao nilioandika, akasema, "Huyu dada Roda herufi zake zimenyooka," nikawa mtaalamu wa mafuriko.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni na sukari zimerudi madukani, mitumba imejaa magulioni, na kila mwenye kiti na meza anafungua biashara. Vitu vilivyokuwa vya umma vinauzwa, na wanaoviuza wanatuambia kwamba ni maendeleo. Karibu na kijiji kimoja cha kata ya Mvumi kulikuwa na shamba la mkonge. Kijiji nitakiita Bondeni, maana wenyewe hawapendi nikitaje. Shamba lile likauzwa kwa mtu ambaye hatukuwahi kumwona sura. Akapunguza wafanyakazi, akang'oa reli ndogo ya toroli zilizokuwa zikibeba mkonge, akaiuza kama chuma chakavu. Likabaki tuta lake tu, refu kama mgongo wa mamba, limeota majani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hakuna aliyelisema katika hotuba yoyote. Wale wafanyakazi waliopunguzwa ndio waliokuwa wakifyeka kingo za mto na kuzibua mitaro kila kiangazi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kazi hiyo inafanyika. Kwa hiyo ilipokoma, hakuna ofisi iliyogundua. Mto ulikuwa wa kwanza kugundua.

Badala ya ufyekaji tukaletewa mpango. Shirika moja la ufadhili lilimtuma mtu kutoka Dar es Salaam, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, mkoba una kufuli ya namba. Tulimwita Mtaalamu, naye alipenda. Alikaa nasi majuma mawili, na katika hayo alifika Bondeni mara moja, akazungushwa ndani ya gari, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Mpango wenyewe tuliuandikia Mikumi, kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, huku malori ya Zambia yakipita na feni ikitupeperushia karatasi. Watu wa Ruhembe na Kidodi walialikwa kueleza yaliyowapata mashambani kwao. Wakaambiwa wafupishe.

Mimi nilikuwa nachora ramani. Mtaalamu akasema kila kijiji lazima kiwe na mahali pa kukimbilia, jengo imara linalojulikana na watu wote. Nikatazama ramani ya Bondeni. Jengo imara lilikuwa moja, shule ya msingi, ya matofali ya kuchoma na bati. Nikaizungushia duara la kalamu nyekundu, nikaandika kwa ule mwandiko wangu: KIMBILIO.

"Safi sana," Mtaalamu akasema. "Umewahi kufika?"

"Nimefika," nikajibu. Na kweli nilifika. Kwa gari, wakati wa kiangazi, kwenye sherehe ya kufunga shule. Nilikula pilau pale.

Mtu mmoja tu alinipinga. Jina lake Lugome, Msagara, mnyapara wa mitaro katika lile shamba la mkonge kabla hajapunguzwa. Alikuwa mkali, anavuta sigara kali zisizo na kichungi, na hakuwa na adabu na maofisa. Tulipopeleka mpango kijijini akasimama mkutanoni.

"Wewe binti, hapo shuleni umefika kwa miguu?"

"Mzee, hili limejadiliwa kitaalamu."

"Nimeuliza miguu. Kitaalamu sikukuuliza."

Watu wakacheka, nami nikaona haya, nikamchukia. Nikaandika kwenye muhtasari kwamba mwananchi mmoja alipinga kwa sababu zake binafsi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Stefano, ndiye aliyenitetea. Alikuwa mtu mpole, anayeamini karatasi yoyote yenye mhuri. Akaubandika mpango ukutani ofisini kwake kwa pini nne, kila kona yake, na kila Jumatatu akawasomea wanafunzi: mkisikia king'ora, njooni shuleni.

King'ora kilikuwa cha kuzungusha kwa mkono. Kilifungwa kwenye paa la ghala la zamani la ushirika, ambalo nalo lilikuwa halina tena ushirika wala mazao. Chini yake tukasimamisha kibao chenye nembo ya mfadhili.

Ni kile kibao kilichonipeleka Bondeni siku yenyewe. Mfadhili alitaka picha yake. Ilikuwa Jumamosi ya gulio, asubuhi, jua limewaka, mbingu hazina hata wingu la kufutia macho. Nasisitiza hilo kwa sababu mnapenda kutazama juu kabla ya kuamua. Mto wetu haunyeshewi hapa. Unanyeshewa kule juu, Gairo na Mpwapwa, na nyinyi mnaletewa maji huku mmeanika nguo.

Nikiwa nasafisha kibao kwa kanga, nikakutana na ng'ombe wa Namnyaki wakipanda kuelekea mlimani. Namnyaki alikuwa mama wa Kimasai, boma lake liko kwenye mbuga ng'ambo ya shule, maziwa yake niliyanywa kila nilipofika. Akasimama, fimbo begani.

"Shemeji zangu wa juu wametuma neno. Mvua imekaa kule, haitaki kuondoka. Na ng'ombe wangu leo wamekataa kushuka. Wewe unabaki?"

Nikamjibu maneno ambayo mpaka leo yakinijia nikiwa peke yangu natamani kujificha uso. Nikamwambia, "Mama, msiwe na hofu. Tuna mpango."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani aliyevaa viatu kinyume. Akaendelea na ng'ombe wake.

Maji hayakuja kwa kelele. Yalianza kwa harufu ya udongo mbichi, kisha mabua ya mahindi yasiyo ya mashamba yetu yakaanza kupita mtoni, yamelala upande mmoja, mengi, na povu jekundu. Kisha mtu akapiga ukelele kule gulioni. Nikapanda ngazi ya ghala mwenyewe, nikazungusha king'ora. Kikalia vizuri ajabu. Kati ya vitu vyote tulivyoletewa, ni hicho tu kilichofanya kazi kama kilivyoahidiwa.

Nikiwa juu ya paa niliwaona watu. Na hapa ndipo ninapowaomba msome polepole. Wengi walikuwa wameshaanza kukimbilia lile tuta la toroli. Hakuna aliyewaelekeza. Wazazi wao walikimbilia hapo, na wao walikuwa wakikimbilia hapo. Mimi ndiye niliyeshuka, nikachukua kipaza sauti cha betri, nikasimama njia panda nikapiga kelele: "Shuleni! Shuleni! Kama tulivyokubaliana!"

Wakageuka. Si wote, lakini wengi. Wamama wenye vichanga mgongoni, wazee, wauza vitumbua na masinia yao. Walinitii. Niliwaongoza kuteremka. Nasema kuteremka, na hata miguu yangu yenyewe ilikuwa inaniambia kwamba ninateremka, lakini kichwa kilikuwa kwenye ramani.

Mwalimu Stefano alitupokea mlangoni, ana daftari la mahudhurio, anaandika majina ya kila anayeingia, kama mpango ulivyosema. Hata hakumaliza. Maji yaliingia kwa mlango wa mbele yakiwa yamefika magotini, na muda si muda yakawa kiunoni. Tukapandisha watoto juu ya madawati, kisha madawati juu ya madawati. Mlango ukazibwa na matope na mti mzima uliokuja na mkondo. Madirisha yalikuwa na nondo, kwa sababu ya wezi. Nilikuwa nimesifia nondo zile katika mpango.

Ndipo tukasikia kishindo ukutani kwa nyuma. Alikuwa Lugome na mtarimbo. Nyuma ya darasa lile, hatua chache tu, ndipo tuta la toroli linapopita, na yeye alikuwa amesimama juu yake, anabomoa ukuta huku akitukana shule, wilaya, na mimi kwa jina. Tundu lilipopatikana, Namnyaki akarusha kamba za katani alizofungia ndama waliobaki bomani. Alikuwa amerudi, baada ya kufikisha ng'ombe juu. Tukavutwa mmoja mmoja. Mimi nilivutwa pia. Ngozi ya viganja vyangu ilibaki kwenye kamba ile, na mwenye kuivuta alikuwa Namnyaki, anasema kwa Kimasai maneno ambayo sikuomba nitafsiriwe.

Mwalimu Stefano alibaki wa mwisho. Alikuwa amemwinua bibi mmoja mlemavu wa miguu, akampitisha tunduni, bibi akashikwa. Kisha ukuta uliokuwa umelowa ukakaa chini, hivi tu, kama mtu aliyechoka. Mwili wake tuliupata siku mbili baadaye kwenye mashamba ya mkonge.

Sasa nitawaeleza kuhusu misaada, maana najua ndiyo sehemu mnayoipenda.

Malori yalifika na picha zikapigwa. Tulishushiwa mablanketi wakati wa joto la Kilosa ambalo hata mbwa analala na ulimi nje. Tulishushiwa marobota ya mitumba, ndani yake makoti ya baridi, tai, na viatu vya visigino virefu, vya mguu wa kushoto vikiwa vingi kuliko vya kulia. Watu wamesimama kwenye tope la kufika magoti, unawagawia visigino virefu! Wakulima walikuwa wanaomba vitu viwili, jembe na mbegu. Tope lile lilikuwa shamba tayari, lina unyevu na rutuba yote ya Mpwapwa. Lilitaka mbegu ndani ya majuma machache. Wakubwa wakasema mbegu siku hizi ni za wafanyabiashara, lazima utaratibu ufuatwe. Utaratibu ulifuatwa. Mbegu zikaja zimepakwa dawa ya rangi ya waridi, safi kabisa, ardhi imeshakauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Mkisahau yote, kumbukeni hili: mgawie mtu kitu cha kumrudisha shambani kabla hujamgawia kitu cha kumkalisha foleni.

Mtaalamu naye alirudi, viatu vya mpira vipya mguuni. Akaandika ripoti kwamba mfumo wa tahadhari ulifanya kazi. Hakudanganya. King'ora kililia.

Mimi nikapewa fomu za tathmini. Fomu iliuliza aina ya paa, aina ya ukuta, na ekari za mazao. Nikazijaza siku nne kwa mwandiko mzuri. Siku ya tano Namnyaki akaja kwenye meza yangu nje ya ghala.

"Jina langu lipo?"

Nikatafuta, ingawa nilijua. Halikuwapo. Boma lake halikuwa na paa la aina yoyote iliyokuwa kwenye fomu, na ekari hana.

"Mama, fomu hii ni ya wenye nyumba na mashamba."

"Nyumba yangu ilikwenda na maji," akasema. "Ndama wangu walikwenda na maji, kwa sababu kamba za kuwavutia nilikuja nazo kwako. Hiyo fomu yako ilikuwa wapi?"

Hakupandisha sauti. Nikachukua kalamu nikaandika jina lake pembeni, nje ya mistari. Wilayani wakalikata, kwa sababu lilikuwa nje ya mistari. Nilimpelekea mitamba miwili niliyopewa na shemeji yangu mwenyewe baadaye, naye akaipokea bila kunishukuru, na alikuwa na haki.

Baada ya hapo ndipo nilipomwendea Lugome. Nilimkuta anavuta sigara yake mlangoni. Nikamwamkia, nikamwambia, "Nimekuja unitembeze."

"Una viatu gani?"

Nikamwonyesha. Akaguna. Tukatembea kingo zote za mto kwa mwezi mzima, yeye mbele, mimi nyuma na daftari, na alininyang'anya daftari siku ya kwanza. Alinifundisha kukanyaga tuta kwa kisigino: likiitika kama ngoma, ndani kuna pango la panya au mizizi iliyooza. Alinionyesha kwamba tuta halibomolewi na mto mkubwa bali na kinjia kidogo cha mbuzi kinachokatisha juu yake, maana maji yakipata mfereji wa upana wa kiganja hayahitaji zaidi. Alinionyesha nyasi zilizolala mwaka wa nyuma, na alama za tope kwenye magome ya miti, juu ya kichwa changu, ambazo nilizipita miaka yote ndani ya gari. Kila jioni alinitukana kidogo, lakini matusi yalikuwa yanapungua.

Kulikuwa na nyumba moja ambayo nilikuwa naikwepa. Nyumba ya Mama Tabitha, mjane wa Mwalimu Stefano. Nilihudhuria mazishi nikiwa nyuma ya watu, nikaondoka kabla ya chakula. Miezi ikapita. Nilijiambia nina kazi nyingi. Mwoga huwa hakosi kazi.

Siku moja Lugome akanifikisha mbele ya mlango ule kwa makusudi, akaniacha, akaenda zake. Mama Tabitha alikuwa anachambua mchele. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi.

"Shikamoo, mama."

Akaendelea kuchambua. Nyinyi mliolelewa mjini huenda hamjui uzito wa shikamoo isiyojibiwa. Nilisimama juani kama nguzo. Akamaliza ungo wake wote, punje kwa punje, akainuka. Akaingia ndani, akatoka na ndoo imejaa maji, akaimwaga yote pale mlangoni pake.

"Yafuate," akasema.

Nikayafuata. Yalipita kando ya jiko, yakaingia kwenye kinjia, yakapita chini ya ua wa matete, yakakutana na mfereji wa barabara ya kijiji. Sikuhitaji kuyafuata mpaka mwisho, lakini alikuwa nyuma yangu, na sikuthubutu kusimama. Yalikokwenda ni kwenye geti la shule.

"Ndoo moja," akasema Mama Tabitha. "Majuma mawili mliandika, mkala, mkalala Mikumi. Ndoo moja tu ya maji hamkuimwaga. Mume wangu aliibandika ile karatasi ukutani kwa pini alizonunua yeye mwenyewe."

Nikasema, "Ni mimi niliyeandika."

"Najua. Kesho kutwa kuna mkutano wa kijiji. Nataka na wengine wajue."

Mkubwa wangu wa wilayani alipopata habari aliniita. "Roda, mafuriko ni ya Mungu," akasema. "Hayana mwandishi. Ukisema hivyo utatuchafua wote." Nilimwelewa vizuri sana. Ilikuwa ndiyo lugha yetu ya kazi.

Mkutanoni nilisimama. Nikasema: shule niliichagua mimi, kwenye ramani, nikiwa nimekaa kitini. Sikuja kwa miguu. Mzee Lugome aliniuliza, nikamwandika vibaya. Mama Namnyaki aliniambia, nikamjibu tuna mpango. Mlikuwa mnakwenda kwenye tuta, mimi nikawageuza. Kisha nikakaa chini.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyelia wala kunikumbatia, mambo hayo ni ya kwenye filamu. Mwanamke mmoja aliyekuwa darasani siku ile alitema mate pembeni. Kisha Lugome akakohoa, akasema, "Haya. Tumesikia. Mabati ya shule mpya yameletwa, na kiwanja hakijapatikana. Nendeni mkachukue ndoo."

Wakaenda kweli. Kijiji kizima kilizunguka siku ile na ndoo, kinamwaga maji na kuyafuata, watoto mbele wakishangilia kama wamepata mchezo. Kila tulipomwaga, maji yalikimbilia mtoni. Mpaka tukafika kwenye kipande cha ardhi juu ya njia ya Mvumi, karibu na tuta la toroli. Tukamwaga, maji yakasimama, yakasambaa pande zote, yakanywea hapo hapo. Namnyaki akasema ng'ombe wake hulala hapo kila masika. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tatizo ni kwamba kipande kile kilikuwa cha diwani. Alikuwa amekipata katika zile siku za kugawana, na matofali ya baa yake yalikuwa yameshapangwa. Akaja anahema, hati mkononi.

"Hapa ni kwangu kisheria! Afisa, waambie! Wewe unajua karatasi!"

Watu wakanigeukia. Nikamwambia diwani kwamba kuhusu karatasi mimi sina tena la kumwambia mtu yeyote.

Mama Tabitha alikwenda mpaka katikati ya uwanja, akageuza ndoo yake tupu mdomo chini, akaikalia, akakunja mikono. Baada ya muda Namnyaki akageuza yake, akakaa ubavuni mwake. Kisha yule mwanamke aliyetema mate. Kisha wengine. Diwani akasoma hati yake kwa sauti, yote, pamoja na namba za mawe ya mipaka. Wakamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, wamekaa juu ya ndoo.

Matofali ya baa aliyoyaacha pale yalitosha madarasa mawili ya shule mpya.